Maisha ya Askofu Edward Steere, na Mwaka wa Tufani

Msafiri atokaye Unguja kwa chombo kwenda Pemba, akikaribia gati ya Mkoani, hukiona kisiwa cha Makoongwe kimekaa mbele ya bandari. Ni kisiwa kidogo, na wakazi wake ni watu wa bahari. Mtu wa huko akishikwa na ugonjwa mzito, hapana njia ila kumtia chomboni na kumvusha mpaka Mkoani, iliko hospitali ya Abdalla Mzee. Na bahari ikiwa imechafuka, jamaa husimama pwani wakiutazama upepo, wakipima kama waondoke au wangoje. Watu wakaao hivyo hawana haja ya kufundishwa maana ya dharura. Waliijua kabla ya kulisikia jina lake.

Huenda msomaji wa Makoongwe, akikitwaa kitabu hiki cha Yubile, akastaajabu kukuta ndani yake habari za Askofu aliyekaa Unguja, ambaye makao yake yalikuwa Kiungani na Mkunazini, wala hakuwahi kujenga nyumba Pemba. Atauliza, yatuhusu nini haya? Yamhusu kwa sababu ya tufani. Ile tufani kubwa ya mwaka 1872 iliivunja Unguja ikaiacha Pemba nzima. Lakini kazi ya kuijenga upya biashara ya nchi iliangukia Pemba, na juu ya mabega ya watu ambao hawakuulizwa. Askofu Steere aliishi katikati ya mambo hayo, na maisha yake hayaelezeki sawasawa pasipo kuutaja upepo ule.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya juu ya sheria, akaruhusiwa kusimama mbele ya mahakama kama wakili mwaka 1850. Walakini moyo wake haukukaa katika sheria. Alipenda kazi za mikono, alipenda kuchunguza miti na majani, alijifunza kupiga chapa, na zaidi ya yote alitaka kuwatumikia maskini. Mwaka 1856 akafanywa shemasi, na baada ya hapo akapelekwa Skegness, kijiji cha pwani katika jimbo la Lincolnshire, mahali penye upepo mkali na mchanga mwingi. Wavuvi wa huko walimpenda kwa kuwa hakuona haya kukunja mikono ya shati akafanya kazi pamoja nao. Mtu aliyekwisha kukubaliwa na wavuvi amekwisha kupita mtihani mmoja mgumu, kwa maana wavuvi hawadanganyiki upesi na maneno ya mtu wa bara.

Karibu na hapo alikuwako padre mwingine, rafiki yake, William Tozer. Mwaka 1863 Tozer aliwekwa kuwa Askofu wa Misioni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, naye akamwomba Steere amfuate kwa muda. Steere akakubali. Mkewe akabaki Uingereza, wala hakuja Afrika maisha yake yote. Na hilo lilikuwa huzuni ambayo Steere aliichukua kwa kimya.

Yapasa kueleza hali ya Misioni ilivyokuwa wakati ule. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa ameingia nchi ya mto Shire mwaka 1861 pamoja na Dr. Livingstone, akakaa Magomero. Watu waliookolewa katika misafara ya watumwa walikusanywa hapo. Kisha vita vikaja, na homa, na baada yake njaa kali iliyoua watu wengi katika bonde lile. Mackenzie mwenyewe alifariki Januari 1862, dawa zao zikiwa zimepotea majini baada ya mtumbwi wao kupinduka. Yalikuwa mambo ya mioyo mikunjufu isiyokuwa na akiba: walifungua mlango kwa kila aliyekimbia, lakini hapakuwa na chakula cha kutosha, wala njia salama ya kurudi pwani, wala mtu aliyeijua vema lugha ya wenyeji. Tozer na Steere walipofika, walikaa juu ya mlima Morambala kwa miezi michache, wakaona kwamba kuendelea hivyo ni kuzika watu tu. Wakaamua kuondoka, wakaja Unguja. Livingstone alikasirika sana, akawaona kuwa wamekimbia. Mimi naona walifanya vema. Nahodha arudiye bandarini kabla chombo hakijajaa maji hawezi kuitwa mwoga, ingawa walio pwani huweza kumcheka.

Walifika Unguja mwisho wa Agosti 1864. Baada ya siku si nyingi Sultani Seyyid Majid akawapa watoto watano wa kiume waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa shule ya kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi na Steere mwaka 1879. Mwenziwe, George Farajallah, alifariki mwaka 1870, mwaka wa kipindupindu. Wakati Askofu Tozer alipokuwa akiitengeneza nyumba, Steere alijifunza lugha. Aliketi na wanachuoni wa mji, miongoni mwao Sheikh Abdulaziz al-Amawi, akauliza na kuandika na kuuliza tena. Alikusanya hadithi zilizosimuliwa barazani, akazipiga chapa Unguja kwa mashine ndogo, akiwafundisha watoto wa shule kupanga herufi. Kitabu chake cha kufundisha Kiswahili na kile cha hadithi vilitoka mwaka 1870. Wengi humjua Steere kwa vitabu hivyo tu, na si ajabu. Lakini tusisahau sababu ya kazi ile. Pale Magomero watu walishindwa kusemezana na wale waliotaka kuwaokoa. Steere aliona kwamba mtu asiyeijua lugha ya mwenziwe hawezi kumwonya, wala kumfariji, wala kumwuliza ana haja gani.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, kwa kuwa muda wake ulikuwa umepita zaidi ya ule alioahidi. Alipokuwa huko, Unguja ilipata msiba wa kwanza wa misiba miwili. Mwisho wa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia, kikaendelea mpaka mwaka uliofuata, kikaua maelfu ya watu mjini na mashamba. Mji ulikuwa wa mawe, mzuri wa kutazamwa kutoka baharini, lakini maji yake ya visima yalikuwa machafu, na takataka zilitupwa pwani. Daktari James Christie, aliyekuwa akiwatibu watu mjini siku zile, alikifuatia kipindupindu kile njia yake kwa uangalifu sana, akaandika jinsi kilivyosafiri na misafara ya bara na vyombo vya pwani, akakitoa kitabu chake mwaka 1876. Seyyid Barghash, aliyekalia kiti mwaka 1870, baadaye alileta mjini maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi iliyo upande wa kaskazini ya mji. Hiyo ni kazi moja ya Sultani yule ambayo haikutajwa mara nyingi kama majumba yake, nayo iliokoa roho nyingi kuliko majumba yote.

Msiba wa pili ulikuja kwa upepo.

Watu wa pwani hii wameuzoea upepo. Kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi huvirudisha. Kati ya pepo hizo mbili ni malelezi, wakati wa masika, upepo usipokuwa na uamuzi. Mwezi wa Aprili bandari ya Unguja ilikuwa ikijaa vyombo, kwa sababu wageni wote walikuwa wamekwisha kuuza na kununua, wakingoja kusi liingie ili warudi kwao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1872. Na tufani kubwa ile, ivumayo kwa kuzunguka, si kitu cha kawaida kwetu. Pepo hizo hupata nguvu ya kuzunguka mbali kidogo na ikweta, na sisi tuko karibu mno nayo: Unguja iko kama digrii 6 tu kusini yake, na Pemba kama 5. Kwa hiyo tufani nyingi za Bahari ya Hindi huishia Msumbiji na Bukini. Wazee walioishi Unguja mwaka ule hawakuwa na kumbukumbu ya jambo kama hilo, na lisilo na kumbukumbu halina maandalizi.

Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili, upepo uliozidi tangu usiku ukawa tufani. Vyombo vilikatika nanga zake, vikagongana, vikatupwa pwani. Kisha pakawa kimya. Hiyo ndiyo hila ya tufani izungukayo, kwamba katikati yake pana utulivu. Watu wakatoka nje, wakadhani yamekwisha, wakaanza kutafuta vitu vyao. Mara upepo ukarudi kutoka upande mwingine, wenye nguvu kama ule wa kwanza, ukamalizia kile kilichosalia. Jioni ilipofika, karibu vyombo vyote vya bandarini vilikuwa vimevunjika au kuzama, pamoja na merikebu za Sultani. Mashambani hali ilikuwa mbaya zaidi. Minazi ililala chini kwa maelfu, na mikarafuu, ambayo mizizi yake si ya kwenda chini sana, iling'oka safu kwa safu. Balozi wa Kiingereza, Dr. John Kirk, alikadiria kwamba sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ilipotea kwa siku ile moja. Nyumba za Misioni huko Kiungani nazo ziliharibika.

Pemba haikuguswa. Tufani ilipita kusini yake, na miti ilibaki imesimama. Mtu angesema kwamba watu wa Pemba waliokoka. Na kwa habari ya upepo, ndivyo. Basi tazama yaliyofuata. Kabla ya tufani, karafuu zilikuwa nyingi mno na bei yake ilikuwa chini. Baada ya tufani zikawa adimu, na bei ikapanda sana. Kila mwenye shamba Pemba, mkubwa na mdogo, akaona mali imemjia mlangoni. Wenye mashamba wa Unguja waliopoteza miti nao wakavuka mkondo, wakatafuta ardhi. Misitu ikafyekwa, vitalu vikaatikwa miche. Mkarafuu hauzai mwaka wa pili. Hutaka miaka kadhaa ya kupaliliwa na kutiwa kivuli, na ukiisha kuzaa hutaka mikono mingi kwa siku chache, maana karafuu isipochumwa kwa wakati wake hufunua ua ikawa haina thamani. Mikono hiyo itoke wapi? Ikatoka bara, chini ya sitaha za majahazi.

Kwa namna hiyo tufani iliyovunja Unguja ikafanya soko la watumwa Pemba. Waliozama siku ile ya Aprili walihesabiwa na kuliliwa. Walioletwa usiku, miaka mingi baadaye, kupanda mikarafuu mahali pa ile iliyoanguka, hao hawakuhesabiwa miongoni mwa walioumizwa na tufani. Mimi nawahesabu.

Mwaka ule wa 1872 Steere alirejea Unguja. Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, nguvu zake zimekwisha, naye akajiuzulu mwaka uliofuata. Watenda kazi walikuwa wachache kabisa, na huko Uingereza walikuwako walioona afadhali Misioni ifungwe. Steere, mtu wa miaka arobaini na minne, akafundisha, akahubiri, akatunza hesabu, akapiga chapa, akaangalia ujenzi. Hakufanya mambo makubwa. Aliyafanya yaliyo karibu, moja baada ya moja, na asubuhi akaanza tena.

Januari 1873 akafika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, kumtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Sultani akakataa kwa mara ya kwanza, na sababu aliyoitoa yastahili kukumbukwa: kwamba nchi yake imekwisha kuharibiwa na tufani, na kuwanyima watu wake watumwa sasa ni kuwaharibu mara ya pili. Tusimhukumu haraka. Mtu aliyepoteza merikebu zake na mashamba yake hutafuta msaada kwa kile kilicho mkononi. Lakini tuone pia kwamba hoja ile ni ya siku zote: kila baada ya msiba hutokea watu wasemao kwamba haki ingoje kwanza mpaka mali irudi. Hatimaye, akitishiwa kwamba bandari yake itazuiliwa na manowari, Barghash alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la mji likafungwa.

Misioni ikapata kiwanja cha soko lile huko Mkunazini. Sehemu yake ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, na sehemu ikanunuliwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mwaka 1874 Steere akaitwa Uingereza, akawekwa kuwa Askofu mwezi wa Agosti katika kanisa la Westminster Abbey, kisha akarudi kumalizia kazi. Alisimama na mafundi kila siku alipokuwapo mjini. Kanisa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, na dari lake lilifanywa kuwa kuba refu la kokoto na saruji, lisilokuwa na boriti hata moja ya kulichukua. Mji uliokwisha kuona mapaa yakiruka kama makaratasi ulikuja kulitazama dari lile kwa mashaka. Husimuliwa kwamba wengi walingoja lianguke siku miti ya kushikilia itakapoondolewa. Halikuanguka. Husimuliwa vilevile kwamba Askofu aliposafiri, mafundi walizisimamisha nguzo fulani kichwa chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Nazo ziko hata leo, na kila mgeni huonyeshwa. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1879.

Lakini nyumba ya mawe haikuwa kazi yake kubwa. Kazi kubwa ilikuwa watu. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko, haukufunga bahari. Wafanya biashara waliwapitisha watumwa kwa miguu kando ya pwani mpaka upande wa Pangani na Tanga, kisha wakawavusha usiku mpaka Pemba, safari fupi kwa upepo mzuri. Mwaka 1874 manowari iitwayo London ikaja kutia nanga Unguja, na mashua zake zikazunguka visiwa vya Pemba miaka kama kumi, zikivizia majahazi. Kepteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipokuwa akilikaribia jahazi moja. Na kila jahazi lilipokamatwa, watu waliteremshwa Unguja: wanawake, watoto, vijana waliokonda, wengine wagonjwa, wengine wasiojua jina la nchi waliyotoka. Kuwaokoa kulichukua saa moja. Kisha yakaja maswali. Watakula nini kesho? Watalala wapi? Nani atawalinda wasiibwe tena? Baada ya miaka mitano watakuwa watu wa wapi?

Hapo ndipo Steere alipokumbuka Magomero. Misioni ilikuwa imenunua shamba Mbweni, kusini ya mji. Akawaweka huko watu wazima, kila jamaa na kibanda chake na kipande cha ardhi cha kulima, na kazi ya mshahara: kuchoma chokaa, kuvunja mawe, kujenga, kulima. Wengi wa wale waliochukua mawe ya kanisa la Mkunazini walikuwa watu waliopata kuuzwa, sasa wakilipwa. Watoto wa kiume wakapelekwa Kiungani, wasichana Mbweni, wakafundishwa kusoma na kushona na useremala na kupiga chapa. Katika mambo yote hayo Steere alikazana juu ya neno moja, kwamba aliyeokolewa asiwe mtu wa kulishwa daima. Twajua pia kwamba maisha ya Mbweni hayakuwa uhuru kamili. Palikuwa na kanuni nyingi, na mkazi alipaswa kuwatii mapadre na walimu katika mambo ambayo mtu huru angejiamulia. Wengine walichoka, wakaondoka mjini kutafuta maisha yao. Ni haki kuyasema haya katika kitabu cha Yubile kama tunavyosema yale mengine.

Askofu alitamani watu wa bara warudi bara. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, mfalme wa Wayao, akarudi. Mwaka uliofuata akaondoka Unguja na watu waliokombolewa zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, ambao walikuwa wamekubali wenyewe kwenda. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, lakini walipofika Masasi, penye milima ya mawe na maji mazuri na ardhi ya rutuba, watu wakaona wamekaribia kwao. Wakapenda kukaa. Askofu akawasikiliza, akabadili shauri lake. Huko kusikiliza nakuhesabu kuwa jambo jema kuliko kanisa la Mkunazini. Wakakata miti, wakajenga, wakapanda. Akawagawia ardhi, akawaacha na mwalimu, akarudi pwani. Baadaye Padre Chauncy Maples na Padre William Johnson wakaendeleza kazi.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakulitengenezea njia. Nchi ile ilikuwa katika mapito ya Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, waliokuwa wakishuka kupiga na kuteka. Kijiji cha Masasi hakikuwa na boma la kutosha, wala Misioni haikutaka kuwafanya watu wake askari. Tegemeo lao lilikuwa amani na majirani. Mara nyingi hilo ndilo tegemeo bora kuliko yote. Lakini lahitaji jirani aliye tayari.

Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi katika kutafsiri. Agano Jipya kwa Kiswahili lilitoka mwaka 1879, kazi yake na ya wasaidizi wake, kati yao wenyeji wa Unguja. Biblia nzima ilikamilishwa na wengine mwaka 1891, ikijengwa juu ya msingi wake. Alikuwa akihubiri kanisani Mkunazini kwa Kiswahili safi, na Waislamu wa mji walikuja kusikiliza, wakaketi, wakahojiana naye kwa adabu. Hawakuikubali dini yake, nao waliisifu lugha yake. Alikuwa mtu asiyependa makuu: alikula chakula kidogo, alivaa nguo zilizochakaa, alipenda mzaha. Mara kwa mara alionekana amevua joho, amekunja mikono, kama zamani Skegness.

Mwaka 1882 alikwenda Uingereza kwa shughuli za Misioni, akarudi mwezi wa Agosti akiwa amechoka. Siku chache tu baada ya kushuka pwani, alilala usiku akafariki usingizini. Alikuwa na miaka 54. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga, mahali palipokuwa soko.

Mwezi wa Septemba, hata majuma matatu hayajatimia vizuri, Magwangwara walishuka juu ya Masasi. Waliua watu, wakateketeza majumba na kanisa, wakachukua mateka. Baadhi yao walikuwa walewale waliokwisha kuokolewa majahazini, wakalimia ardhi waliyogawiwa na Askofu, na sasa wametekwa mara ya pili. Padre Maples alifuata njia ya mazungumzo, akalipa fidia kwa vitambaa, akawarudisha baadhi yao. Wengine hawakurudi. Waliosalia walihamia Newala kwa miaka kadhaa, kisha Masasi ikainuka tena, hata leo ina dayosisi yake.

Huku Pemba mikarafuu iliyopandwa baada ya tufani ilikuwa imekwisha kukomaa. Pemba ikawa mama wa karafuu za Zanzibar, ikitoa sehemu iliyo kubwa kuliko Unguja, nayo haikuiacha nafasi hiyo. Lakini miti ilipozaa kwa wingi, bei ikashuka, na wengi waliokopa kwa kuitegemea bei ya mwaka 1872 wakabaki na madeni kwa matajiri. Wachumaji walibaki watumwa mpaka amri ya Aprili 1897 ilipoondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Mwaka huohuo wamisionari wa Kiquaker walifika Pemba, wakanunua shamba, wakawakaribisha watu walioachwa huru na wasiokuwa na pa kwenda. Katika masanduku yao vilikuwamo vitabu vya Kiswahili, na Kiswahili kile kilikuwa kile Steere alichokiandika barazani Unguja miaka thelathini iliyotangulia.

Tufani hairudi kwa kalenda, ingawa mwaka 1952 ilipiga Lindi tarehe 15 Aprili ileile, miaka 80 kamili baadaye. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga kiitwacho Hidaya kilipokuwa kikikaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa onyo kwa Kiswahili siku kadhaa mbele, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Mwaka 1872 hapakuwa na mtu wa kuwaambia manahodha kwamba kile kimya cha katikati kilikuwa cha uongo. Na chombo Spice Islander kilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kikielekea Pemba, kikiwa kimejazwa kupita kiasi katika bahari isiyokuwa na tufani, mamia walikufa. Na miongoni mwa wa kwanza kuwafikia walio hai majini walikuwamo wavuvi wa Nungwi, na mashua zao.